Unywele wa Kioo

Jumamosi, 8 Juni

Kesho kutwa nina jaribio kazini: kuunganisha nyaya za faiba. Nimefanyia mazoezi nyumbani, juu ya meza ya chakula. Mama mkwe akavuta kiti. Hivi ni nini? Nikajitia ualimu! Ni nyuzi za kioo, Mama, nyembamba kama unywele. Mwanga unaingia huku, unadundadunda humo ndani bila kutoroka, unatokea kule, umebeba sauti, picha, intaneti yote. Hata madaktari wanazitumia kuchungulia tumboni. Akacheka. Yaani nikimfokea mwanangu kwenye simu, makelele yote yanapita kwenye kioo na hakipasuki? Dada wa mume wangu akadakia kutoka jikoni: wifi halisi ni mimi, hiyo ya kwenye simu inaigiza tu!

Chakula kikaiva. Vipande nilivyokata, vikali kama miiba, vilitakiwa viingie kwenye chupa yenye kifuniko — fundi mkuu anatuimbia hilo kila siku. Nikapangusa meza kwa kitambaa, nikakung'uta sakafuni. Njaa.

Jumapili, 9 Juni

Mama kachomwa na kitu kwenye kidole cha mguu. Anatazama, haoni kitu. Mimi pia sioni. Lakini najua.

Nimesema pole.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefaulu. Fundi mkuu kanisifu mbele ya wenzangu: huyu ana mikono safi. Natamani ardhi ingenimeza.

Jumanne, 11 Juni

Kidole kimevimba. Mume wangu kamgeukia dada yake: unafagia kama unafukuza kuku, ona sasa, miiba imejaa ndani! Wifi kalia. Wifi anayeamka kunichemshia maji ya kuoga! Nikafungua mdomo niseme —

Nikaomba chumvi.

Jumatano, 12 Juni

Zahanati. Naandika kwenye benchi la nje.

Daktari kamulika kidole kutoka pembeni, kitu kikang'aa, kidogo kama nukta. Kakitoa. Hiki ni kioo, mama, kimetoka wapi? Mama hakunitazama. "Nilivunja glasi, daktari. Uzee huu!" Hata sauti haikutetemeka.

Anajua. Tangu lini?

Sasa anafungwa bandeji. Mume wangu anapiga simu, nimeshindwa kupokea. Mama kaniita kutoka ndani: "Pokea, mwanangu. Mwambie glasi."

Glasi! Na glasi ikivunjika, nani ataambiwa hakufagia vizuri? Wifi tena.

Simu inaita. Nina jibu mdomoni, lakini ni lile la Mama —