Madaftari Uliyoyavusha hadi Lubunga

Papa wangu mpendwa,

Leo nimekaa kwenye meza yako, na kompyuta iko pale ulipokuwa ukiweka wino na taulo la kufutia jasho. Skrini ni nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kitufe cha kubofya. Ungeuliza kama imeharibika. Haijaharibika, papa. Ninaiandikia amri kwa maneno, nayo inatii. Ungeipenda sana, wewe uliyetaka sote tutii bila maswali.

Unakumbuka vita vilipofika Kisangani, shule zikafungwa, nawe ukiwa karani wa vizazi katika ofisi ya komini? Wenzako walibeba magodoro wakakimbia. Wewe ulibeba vitabu vya vizazi, ukaanza kunakili majina yote kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Mama alikuita kichwa ngumu, na hakukosea. Mimi nilikusomea kitabu kwa sauti, wewe ukiandika. "Soma bila kukimbia," uliniambia kila nilipochoka. Daftari likijaa tulilifunga kwa plastiki, tukapanda pirogi kuvuka mto kwenda ng'ambo, Lubunga, likakae chini ya kitanda cha tantine, dada yako.

Siku moja tulikuwa tumeshavuka, tumekula lituma ya tantine, zile ndizi zake za kupondwa, na kurudi nyumbani, ndipo ukahesabu mistari ya kitabu ukagundua kwamba daftari tulilopeleka lina upungufu wa jina moja. Nilisoma nikiwa na njaa.

"Uliruka mutu," ukaniambia.

"Papa, jina moja tu! Tutaandika kesho."

"Haiko jina, iko mutu. Bon, vaa viatu, tunarudia ngambo."

Nilinuna njia nzima. Risasi zilisikika upande wa mjini tukiwa katikati ya mto, na mpiga kasia alitutukana sote wawili. Ulimwandika yule mtoto pembeni mwa ukurasa, ukapuliza wino ukauke. Wiki chache baadaye ofisi iliungua pamoja na vitabu vyake vyote. Watu walikuja kwetu wakilia kwamba hawana tena karatasi ya kuonyesha wao ni nani. Ulivuka, ukarudi na gunia la madaftari kichwani. Wewe ulikuwa mfupi, papa, lakini siku ile nilikuona mrefu kuliko wote pale ufukweni.

Sasa vita vimewaka tena mashariki, maneno ya kukimbia yanasikika sokoni, na madaftari yako yanaliwa na unyevu. Yakioza, hakuna nakala nyingine. Kwa hiyo nimepiga picha kila ukurasa, na ninazipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, yaani kompyuta za mbali ambazo moto wa hapa hauzifikii. Hifadhi lazima uipe jina. Yangu nimeiita ngambo, bila ile alama ya juu, maana skrini haiitaki. Mwenzangu wa kazini alinishauri nitumie amri ya "sync". Nikakataa. Hiyo hulazimisha ng'ambo ifanane na huku, na huku kukifutika, nako kunafutika. Nimeandika "copy", kama ulivyofanya wewe.

Picha zimekuwa zikivuka tangu tulipotoka misa. Umeme umekatika mara mbili, mtandao ukasinzia. Mwishowe nikaandika "check", amri ya kulinganisha pande mbili, ikanijibu kwamba picha moja haipo. Moja tu! Nilikuwa na njaa, pondu inanukia jikoni, na nilicheka peke yangu hadi watoto wakaja kuchungulia. Sikutazama hata ni ukurasa gani. Niliandika "copy" tena, ikavushe hiyo iliyobaki.

Najivunia kuwa mwanao, papa. Zamani niliona aibu kwamba baba yangu alikuwa karani tu. Leo natamani kila aliyemo madaftarini ajue mkono uliomwandika. Na ukiniruhusu, najivunia na mimi mwenyewe kidogo.

"Check" imejibu sasa hivi: hakuna tofauti. Nimeisoma kwa sauti, bila kukimbia, ili usikie.

Pumzika, papa. Wote wamevuka.

Binti yako, msomaji wako