Kijana wa Tamthilia Amefika

Jumatano, Huruma

Hawakupaswa kumuua yule mama wa tamthilia. Wiki zote hizi tumemwona akimngoja mwanawe arudi kutoka mjini, halafu leo kijana anafika na kukuta kaburi. Ni njia rahisi mno ya kututoa machozi. Baba Kevo, jirani yangu mwenye runinga, aliizima akasema, "Hata mimi wangenipa kazi hiyo, ningeua mtu kila Jumatano."

Na yule kijana simwamini. Eti anafanya mjengo, lakini viatu vyake havina hata doa la simiti.

Nilikuwa bado kwenye ngazi Mama alipopiga simu. Stima imepotea kijijini, na ikipotea mimi ndiye humsimulia.

"Haya baba, kijana amefika kwao?"

Nikasema, "Amefika."

"Akamkuta mamaye?"

"Akamkuta. Wakala pamoja."

Alikohoa kwa muda mrefu. Kile kikohozi hakijaisha, ingawa aliniambia kimeisha.

"Nilijua atakuja," akasema. "Alimpikia nini?"

"Kuku."

"Huyo mama ana akili."

Sijakanyaga nyumbani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Kila nikiomba ruhusa, foromani husema nikirudi nitakuta mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Nami hushika tena sepetu.

Marudio ya kipindi ni Jumapili mchana, na stima huenda itakuwa imerudi. Kesho nitaomba tena. Akikataa, nitaenda tu.

Sitaki Mama alione lile kaburi kabla hajaniona mimi.