Umeombwa Radhi, Sisi Tumempoteza Mtani

Mdogo wangu Tatu,

Najua hujaniamkia, lakini marahaba.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nimechoka kuzungumza na watu wako. Nikipiga simu yako anapokea yule dada msemaji wako, ananiita "ndugu wa karibu", ananiahidi kwamba ujumbe utafika. Unafika kwake na kuishia hapo hapo. Basi nimeona niandike mahali ambapo kila mtu atasoma, maana yanayosemwa juu yako mbele za watu huwa huyapiti, hata yakikuuma.

Habari yenyewe ni ya Mama Shija. Wewe unamjua kuliko unavyotaka kukiri, lakini wengine wanaosoma hapa hawamjui, kwa hiyo nivumilie nieleze. Mama Shija ni jirani yetu hapa Pangani ya Kibaha, Mnyamwezi wa Tabora. Baba alipotoka Kisarawe akaja kununua shamba huku, wakati kote kulikuwa mikorosho na vichaka, nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Shija. Sisi Wazaramo, wao Wanyamwezi, watani wa tangu enzi. Siku ya kwanza tu aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, akafunua chungu, akaonja, akasema, "Kumbe Wazaramo na nyie mnakula vya watu?" Akaondoka na kuku. Baba naye Ijumaa alipotoka msikitini akapitia kwao, akamwinua mumewe kwenye kigoda, akaja nacho nyumbani. Kigoda kile ndicho mama anachokalia mpaka leo. Hakuna aliyedai chake, na hakuna aliyeomba radhi. Mtani haombi radhi. Akiomba, ina maana alichosema kilikuwa tusi.

Unakumbuka msiba wa bibi kule Mzenga? Ulikuwa hujaanza shule. Mama Shija alivaa kanga za marehemu, akachukua mkongojo wake, akatembea katikati ya waombolezaji akikohoa vile vile bibi alivyokuwa anakohoa, huku akigomba kwa nini chai imechelewa. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Kesho yake nikakukuta nyuma ya jiko umevaa kofia ya baba, unamwiga Mama Shija anavyomwiga bibi. Baba alikuchungulia, akaniambia, "Huyu mtoto atakuja kutuumbua." Alisema kwa furaha kabisa. Juzijuzi nimekusikia redioni ukisema uigizaji ulijifunza kwa kutazama filamu za nje. Nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa tuje Dutumi. Nataka nikutendee haki, kwa sababu wengi hawakutendei. Mto Ruvu ulipofurika na watu wakahamia kwenye madarasa, wewe ndiye uliyekuja. Wengine walituma salamu za pole. Wewe ulileta magodoro, vyandarua, unga na sabuni, na ulitembea kwenye tope lile bila kujali viatu. Mimi nilikuwepo, nilikuona. Lakini niliona pia watu wakisimamishwa juani mpaka kamera zikae sawa. Nilimwona Bi Somoe akikabidhiwa godoro, akapokea kwa uso wake wa siku zote, kisha akaambiwa alirudishe apokee upya, maana mara ya kwanza hakutabasamu. Mwanamke kapoteza shamba lote la mpunga, anaelekezwa kuonyesha meno ya mbele. Godoro lile analilalia mpaka leo, na anakusema vibaya akiwa amelilalia. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sikuweza kumwambia akome, na sikuweza kumwambia aendelee.

Hivyo ndivyo ninavyoishi, Tatu. Shuleni, ofisi ya walimu, mwenzangu ananiambia, "Mwalimu, mwambie mdogo wako atuletee na sisi madawati, ila tutatabasamu kwa zamu." Dukani wananiuliza kwa nini usiuze gari moja tu ujenge nyumba za watu kimya kimya. Nikikutetea, wanasema nakutetea kwa sababu nakula nawe. Nikikusema, yanamfikia mama, na mama analia. Nikinyamaza, wanasema nimeanza kuringa kama wewe. Sina pa kukanyaga. Hata nikinunua vitenge vipya nasubiri wasahau sura yako kidogo ndipo nivivae.

Halafu baba akafa.

Tulimpeleka kwao Mzenga, na watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wengine kumzika yeye na wengine kukuangalia wewe. Baba alishaoshwa, jeneza liko tayari, wanaume wamejipanga kulibeba, ndipo Mama Shija alipokaa mlangoni. Alikuwa amevaa miwani myeusi mikubwa, sijui aliitoa wapi. Kichwani alikuwa amejifunga mtandio mweusi ukaning'inia mgongoni kama nywele zako. Mkononi ameshika mto wa kulalia. Akasema haruhusu marehemu kupita bila msaada wake wa kibinadamu. Akauweka mto juu ya jeneza, akarudi nyuma hatua kadhaa, akashika kiuno. "Mzee, pokea godoro. Haya, tabasamu! Mbona hutabasamu? Hebu tulirudie, kamera haijakuona!"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Mama, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu alfajiri, alicheka mpaka akashika mbavu. Na wewe, Tatu, ulicheka kuliko wote. Ulivua mtandio wako mwenyewe ukamrushia kama ada yake, ukamwambia, "Ondoka hapo, mla panya wewe, baba yangu apite!" Akauokota, akanyanyuka, baba akapita. Nilikutazama nikasema moyoni, bado ni wa kwetu huyu.

Sijui nani alirekodi. Nilichokiona mimi kwenye simu ni kile kipande cha Mama Shija na mto, basi. Kicheko chako kilikatwa, mtandio ulikatwa. Juu yake wameandika kwamba hata nyumbani kwenu wamekuchoka, hata msibani kwa baba yako unachekwa. Na chini yake watu wasiotujua wakamwaga kila walichokuwa nacho kifuani. Kwamba umaskini wa watu ndio mtaji wako. Kwamba ulikwenda Dutumi kuoga sifa. Wengine walikutukana hata uzazi. Nilisoma mpaka macho yakauma, na nakiri kwamba wapo waliosema kweli ndani yake, ndiyo maana iliuma vile. Lakini kweli hiyo Mama Shija alishakuambia uso kwa uso, kwa njia yetu, na wewe ukaipokea kwa kicheko. Ilikuwa imekwisha. Kilichonishangaza ni kwamba uliwaamini wao kuliko ulivyokiamini kicheko chako.

Wakaja watu wako. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nikakuta gari linaondoka, Mama Shija amekaa barazani kwake, amevaa gauni lake la sikukuu. Msemaji wako alikuwa amemweleza kwa heshima zote. Kwamba waliokuahidi mabati na saruji za nyumba za Dutumi wameanza kusita kwa sababu ya kile kipande. Kwamba usiposafishwa jina, watu wa Dutumi watabaki kwenye madarasa mvua nyingine ikija. Kwamba maneno machache tu yatatosha. Na Mama Shija, ambaye hajawahi kumwomba Mzaramo radhi maisha yake yote, alitazama kamera akasema, "Mimi ni mtu mzima, nilikosea. Namwomba radhi dada yetu na familia yake."

Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akanijibu, "Sasa ningefanyaje, mwanangu? Watu walale nje kwa ajili ya masihara yangu?"

Nyumba zinajengwa, nimesikia. Mabati yamefika. Kwa hiyo hata kukulaumu vizuri siwezi, maana utaniuliza ningependa Bi Somoe alale wapi. Hapo ndipo uliponibana kabisa.

Lakini acha nikueleze yanayoendelea hapa nyumbani, maana hayo hayamo kwenye taarifa za watu wako. Mama yuko eda, kama unavyojua. Hatoki. Amekaa chumbani na nguo zake nyeupe na tasbihi, na mtu aliyekuwa akimfanya aione siku imepita alikuwa Mama Shija. Alikuwa akiingia na mlango wa jikoni akipiga kelele, "We Mzaramo, hujamfuata tu mumeo?" Na mama anajibu kutoka ndani, "Nakungoja wewe utangulie unifagilie!" Wanacheka, wanakula, anaondoka na sukari yetu.

Siku hizi Mama Shija anapiga hodi. Mlango wa mbele. Anasubiri akaribishwe. Anakaa pembeni ya kiti, anauliza, "Umeamkaje, bibie?" Mama alipomwona mara ya kwanza hivyo alidhani ni utani mpya, akamtukania ukoo wote mpaka Tabora, akasubiri. Mama Shija akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, bibie." Akaaga. Mama aliniita akaniuliza amemkosea nini. Eda inamzuia kumfuata kwake, na hata kama angeweza kumfuata, angemwambia nini? Nilimweleza habari za ile kamera. Akasema nisikuambie, utaumia. Sasa nimekuambia. Anakulinda mpaka kwenye hilo, na mimi nimechoka kuwa ukuta wa kila mtu.

Jumamosi iliyopita niliamua kuyatengeneza mambo mwenyewe. Nilikwenda kwa Mama Shija, nikaingia jikoni kwake bila hodi. Alikuwa ameinjika maharage. Nikaipua sufuria zima kutoka motoni, nikasema kwa sauti ya baba kabisa, "Nachukua. Nyie Wanyamwezi hamjui kupika, mnaharibu vyakula." Nilisimama pale nikisubiri anivurumishie mwiko. Anifukuze. Aniite jina lolote.

Akanyanyuka taratibu, akajifuta mikono. "Chukua tu, mwalimu," akasema. "Ngoja nikutafutie kitambaa, usije ukaungua."

Mwalimu! Mtu aliyenibeba mgongoni. Nikatoka na sufuria la watu mkononi, limefungwa kitambaa kizuri, nikasimama katikati ya njia. Kulirudisha ni kukubali kwamba nimeiba. Kulipeleka nyumbani ni kumlisha mama chakula cha mtu anayeniogopa. Nilifika nalo hivyo hivyo. Mama aliniuliza kutoka chumbani, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema nisiungue." Maharage hakuyagusa.

Nimefikiri sana, Tatu, na nimeona mimi siwezi. Mama hawezi. Radhi ile Mama Shija hakutuomba sisi, alikuomba wewe, mbele ya nchi nzima, na wewe ukaipokea. Iko kwako. Sikuombi uache kuwasaidia watu, wala sikuombi ujieleze kwa wale wanaokutukana. Nakuomba jambo moja. Njoo kwa miguu yako kutoka barabarani, bila gari kuingia mtaani, bila yule dada, bila kamera. Upite nyumbani kwetu usitusalimie. Nenda moja kwa moja jikoni kwa Mama Shija, na umrudishie radhi zake.

Ni mimi dada yako mkubwa, mwenye sufuria la watu.