Wimbo wa Sista Amparo

Tororo,
Septemba 1967

Kaka yangu mpendwa Oundo,

Pokea salamu zangu kutoka huku Tororo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Busia, pamoja na wifi Mildred na watoto, na kwamba kikohozi cha Laban kimepungua. Mimi mwili haujambo. Mvua imenyesha vizuri na watu wa Iyolwa wanasema mwaka huu mtama upo.

Kaka, Sista Amparo ametutoka. Ni yule nesi wa misheni ambaye ulipokuja Pasaka ulidhani ni Mhindi. Alizaliwa Bolivia, Amerika ya Kusini, katika kabila dogo la kando ya mto. Surua iliwamaliza wengi alipokuwa msichana, na waliobaki wakatawanyika, wakalea watoto wao kwa Kihispania. Mwishowe lugha yao ikabaki kwake na kwa kaka yake tu. Mwaka jana akapata habari kwamba huyo kaka amefariki.

Padri Wim akamsihi asiondoke na lugha ile kifuani, maana moyo wake ulishaanza kumsumbua. Akaleta ile mashine yake ya kunasa sauti, na mimi karani wa misheni nikapewa kazi ya kuiendesha na kupiga taipu maelezo.

Siku za kwanza hatukupata kitu. Sista alikaa mbele ya mashine akanyamaza, kisha akasema hawezi kuongea na chuma kisichojibu. Ndipo akaamua kunifundisha mimi kujibu kwa lugha yake: kusema ndiyo, kuuliza ikawaje, kusema kwetu pia ni hivyo. Ungecheka, Kaka. Mimi Msamia wa Lunyo nilikuwa nikiulizwa habari za samaki ambao sijawahi kuwaona, nami najibu. Lakini nilipojibu, maneno yalimtoka kama maji. Aliiga mama yake akigomba, akacheka mpaka akafuta machozi. Padri alisimama mlangoni akastaajabu, maana miaka yote alimjua kama mtu mkimya.

Siku moja alimwomba Padri atupishe. Akaimba wimbo mfupi kwenye mashine, sauti ya chini. Kisha akanieleza kwamba kwao mtu akiwa anakufa, mwanamke wa ukoo humwimbia sikioni, mara moja tu, ili asipotee njia. Ukirudiwa baadaye, unamwita arudi, naye hapumziki. Akasema kaka yake hakuimbiwa, na yeye hana wa kumwimbia, kwa hiyo amejiimbia mwenyewe. Akaniomba siku yake ikifika nimwekee wimbo ule sikioni, halafu niufute. Nikakubali upesi, jinsi mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Mwezi uliopita akazidiwa. Kiingereza kikampotea, Kiswahili kikampotea, hata Kihispania, akabaki na lugha ya kwao tu. Daktari akasema anaweweseka. Nikamwambia hapana, anaomba dirisha lifunguliwe. Likafunguliwa, akatulia.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa analijua Padri peke yake. Asubuhi moja masista wakiwa kanisani, niliona pumzi yake imebadilika. Nikaweka mashine karibu na mto, nikapunguza sauti. Mkono wake uliokuwa ukivutavuta shuka ukatulia. Wimbo haujaisha, akawa amekwenda. Nikauacha umalizike. Kisha nikaurudisha mwanzo, nikaufuta wote, ukabaki mvumo mtupu.

Padri alipouliza, sikumficha. Akaketi. Akaniuliza kama najua kwamba duniani hakuna tena mtu wa kuuimba wimbo ule. Nikasema najua. Akauliza kwa upole kama mimi ninaukumbuka. Nikasema ninaukumbuka. Akaniomba niuimbe kwenye mashine, hata vipande tu, kwa ajili ya wasomi. Nikakataa. Hakunigombeza, lakini tangu siku ile hunipa kazi bila kuniangalia usoni.

Maneno mengine yote tuliyonasa yamekwenda Ulaya pamoja na kurasa nilizopiga taipu. Sijui kama nilitenda vema, Kaka. Padri naye ana haki yake, na upo wakati ninamwonea huruma kuliko ninavyojihurumia. Nikiwa nafua au natembea peke yangu, wimbo unanijia mdomoni wenyewe. Ninafumba mdomo mpaka upite.

Barua hii nampa Swaliki wa lori, anayevuka mpaka kesho. Nisalimie wifi sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama usimsomee habari hii. Mwambie tu niko salama na ninamwombea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Proscovia