Glavu ya Mkono wa Kushoto

Ijuganyondo, Bukoba.
Jumapili, baada ya misa.

Mpendwa Safina,

Barua yako nimeipata kwa mama yako, aliyeniita nilipokuwa napita mbele ya duka lake, akanipa na soda juu. Natumaini hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino lililokuwa linakusumbua limeshang'olewa au limetubu lenyewe. Sisi huku tupo. Mvua inanyesha na kukatika, kahawa inaanikwa na kuanuliwa siku nzima. Baba Mdogo Rugaibula anakusalimu, na anauliza kama huko Mwanza wameshakulisha ugali mpaka umesahau ebitoke, ndizi zetu.

Asante kwa pole zako. Unasema ulilia bwenini mpaka matroni akakuita ofisini kwake. Mimi bado. Watu wananitazama kama wanasubiri nianze, nami nawatazama. Juzi nimekula mboga yote nikamaliza, ndipo Mama Mdogo alipoonja yake akauliza kwa nini sikumwambia kwamba hakutia chumvi. Sikuwa nimegundua. Shuleni ninafanya vizuri, nimekuwa wa pili katika jaribio la Fizikia.

Umeniuliza habari za deraya. Umesema watu wa ile klabu ya mtandaoni ya wanaotengeneza mavazi ya tamthilia hatimaye wameukubali mkanda wetu mpya, na kilichobaki ni picha za pande zote nne, mvaaji akiwa ameivaa. Umesema binamu yako Riyadhi ana urefu unaokaribia wa Julius, kwamba anaweza kuivaa kwenye maonyesho ya Mwanza mwezi wa kumi na mbili, na kwamba Kaka Julius mwenyewe angependa. Nitakujibu. Ila naomba nianze mbali kidogo, maana nikianza na jibu sitaweza kuandika mengine.

Nimekuwa nikikumbuka jinsi tulivyoanza. Ile tamthilia ya askari wa kijivu wa vituo vya angani tuliitazama kwenye simu ya Julius, na wewe ukawa unaisimamisha kila mara mpaka akalalamika kwamba hajui hadithi inahusu nini, anajua viwiko tu. Hatukutaka kitu kinachofanana. Tulitaka kile kile. Madumu ya maji tuliyoyapasua na kuyalainisha juu ya jiko la mkaa, ukayakandamiza kwenye udongo wa kufinyanga kabla hayajapoa, mpaka vidole vyako vikatoka malengelenge. Rangi ya kijivu haikupatikana dukani, tukaichanganya na masizi ya sufuria. Mkwaruzo wa bega la kulia tuliurudia mara tatu, kwa sababu kwenye picha unaanzia juu kwenda chini na sisi tuliuanzia chini. Julius alisimama katikati ya stoo ya Baba Mdogo kama mnazi huku tunamzunguka na futi ya fundi cherehani, akituuliza kama askari wa angani hapati mapumziko ya chai.

Na unakumbuka Pasaka, alipoivaa yote akatembea kibanjani kwetu Rubya. Mbwa walibweka, watoto wa jirani wakakimbilia kwenye migomba, na mama yetu, Mae, alicheka mpaka akakaa chini na mwiko wake mkononi. Ilikosa glavu ya kushoto tu. Ulisema utaondoka nayo, utaimalizia shuleni.

Sasa siku yenyewe. Julius alikuwa anatoka kazini bandarini Kemondo, amepanda pikipiki ya mwenzake, na mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wakateleza. Mwenzake alivunjika mguu. Julius alifikishwa hospitali akiwa ameshakata roho. Mimi nilikuwa kwenye kipindi cha Kemia. Mwalimu wa zamu aliponiita nje nilikuwa nasawazisha mlinganyo, nikaomba nimalize kwanza. Akaniruhusu. Nilipata.

Nilipofika nyumbani Baba Mdogo alikuwa sebuleni, anaongea kwa simu na fundi wa jeneza. Fundi alitaka vipimo ili aanze kukata mbao kabla giza halijaingia. Baba Mdogo akamwambia kijana ni mrefu, mrefu tu, kama mlango. Fundi akamjibu kwamba milango nayo inatofautiana, mzee. Baba Mdogo akauliza waliokuwepo, na hakuna aliyejua. Mae alikuwa bado njiani anatoka Rubya.

Nikasimama pale mlangoni nikavitaja. Urefu, upana wa mabega, kina cha kifua. Nilivitaja kama ninajibu swali darasani, na Baba Mdogo akavirudia kimoja kimoja kwenye simu. Alipokata aliniangalia kwa muda, akasema, waitu, mtoto huyu. Nadhani alikuwa ananisifu.

Safina, nilivyovitaja vilikuwa vipimo vya deraya. Urefu ni ule wa kuanzia kilele cha kofia hadi chini ya buti, buti zetu tulizoziinua kwa soli za kandambili kwa sababu askari wale ni warefu kuliko watu. Mabega ni kutoka ukingo wa bamba hadi ukingo wa bamba. Ndivyo vipimo nilivyokuwa navyo kichwani. Vya Julius mwenyewe, Julius wa shati na suruali, sikuwa navyo tena.

Asubuhi yake jeneza likaletwa, na yeye akaletwa. Lilikuwa zuri, mbao zimepigwa randa vizuri, lakini lilikuwa kubwa. Julius, ambaye kila siku tulimwambia ainame asivunje taa, alilala mle ndani na suti yake kama mtu aliyeazima kitanda. Walipojaribu kuliinua upande mmoja, akateleza, kichwa kikagonga ubao. Mae alisikia. Mzee Mushumbusi, jirani yetu, akaanza kumlaumu fundi, akimwambia hata kipofu angepapasa. Fundi akasema yeye amekata alichotajiwa. Baba Mdogo alikohoa tu, hakulitaja jina langu.

Muda wa kutengeneza jingine haukuwepo, Rubya kaburi lilikuwa limeshachimbwa na padri amepangiwa saa yake. Bibi Gaudiosa, mama yake Mae, akasema kwa Kihaya kwamba jeneza lenye nafasi ndani halitolewi mlangoni, maana litatafuta wa kuijaza. Alisema kwa sauti ya chini, lakini wanawake wote walimsikia, wakaanza kufungua vitenge mabegani mwao. Mama wawili waliwaita watoto wao wakawashika mikono. Jeneza likajazwa, tukaondoka.

Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, karibu na babu. Ashura wa darasani kwetu alikuja na daftari ili nisipitwe na masomo. Nilitandaza nyasi za waombolezaji sakafuni, nikaosha sahani, nikalala vizuri.

Nimekuandikia kwamba jeneza likajazwa. Sikukuandikia kwa kitu gani. Vitenge havikutosha, Safina. Walikuwa wanavikunja na kuvisukuma pembeni, na bado Julius alikuwa anacheza mle ndani. Nikamwendea Mae, nikamwambia sikioni kwamba kipimo kile ni changu, na kwamba kitu kinachoenea humo kiko stoo. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza, kile cha Pasaka? Nikasema ndicho. Akawaambia watu wote watoke nje wampe nafasi na mwanawe. Tulibaki yeye, Bibi, Baba Mdogo na mimi.

Baba Mdogo alisema haiwezekani, padri atasemaje. Mae akamjibu kwamba padri hafungui majeneza. Bibi akauliza kama ni nguo. Mae akasema ni nguo, hawa watoto walimshonea.

Nikamvika juu ya suti. Bamba la kifua, mgongo, mabega, mapaja, mkanda na kisanduku chake upande waliotaka watu wa klabu. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Buti ziligusa ubao wa chini. Mabega yaligusa ubao huku na huku, hapakupita hata kidole. Baba Mdogo aliliinua jeneza upande mmoja na Julius hakusogea. Kofia Mae aliikataa, alisema anataka uso, kwa hiyo tuliilaza juu ya kichwa chake, nayo ikaenea. Vitenge vikarudishwa kwa wenyewe, tukamfunika kwa shuka jeupe hadi kidevuni. Waliopita kumuaga Rubya waliona uso tu kwenye kile kioo kidogo cha kifuniko. Mzee Mushumbusi alimwambia fundi kwamba kumbe jeneza halikuwa kubwa kiasi kile.

Kwa hiyo deraya haipo, na picha hazitakuwepo. Imevaliwa ikakamilika, na walioiona ni sisi wanne, na sasa wewe. Mshukuru Riyadhi kwa kujitolea. Watu wa klabu waambie chochote utakachoona kinafaa.

Haikukamilika kabisa lakini. Glavu ya kushoto unayo wewe. Nilipofika kwenye mkono ule nilisimama, nikautazama ulivyo mtupu, nikawaza kwamba kwa kasoro hiyo wangetukatalia. Mae akauchukua, akauzungushia rozari yake, akaukunja vidole kimoja kimoja. Ukiacha kichwa, ndicho kiungo pekee cha mwili wake kilichobaki bila kitu cha kwetu juu yake. Ninaukumbuka mkono huo kuliko uso.

Nakuomba usiache kuitengeneza glavu hiyo. Ila usiitengeneze tena kwa kipimo kile. Pima mkono wako.

Nisalimie wote wa bweni lako, na matroni aliyekufariji. Mama yako hajambo, anasema upeleke jino hospitali. Mae anakusalimu kutoka Rubya. Ukija likizo ufike, atakupikia. Nami nipo, nakusubiri.

Ni mimi rafiki yako,
Theopista