Jina Alilonyonyea Mwanangu

Tororo, Jumamosi, mwezi wa nne, 1966

Mvua imenyesha tangu alfajiri na nepi hazikauki. Nimezitandaza hata juu ya viti. Mtoto amelala, na mimi ningelala, lakini kuna jambo linaniwasha. Heri niliandike.

Leo mwanangu amepata jina. Na mimi nimedanganya.

Ana wiki tatu, kesho anabatizwa. Zakaria, mume wangu, alishachagua zamani: Jenifa. Pale kiwandani kwao kila aliyezaa msichana kamwita Jenifa au Jaklini. Juzi kwenye kupima uzito nesi aliita, "Mama Jenifa!" tukainuka wanawake wanne. Nikakaa chini haraka, maana moyoni mtoto wangu hakuwa Jenifa.

Moyoni alikuwa Yunia.

Yunia ni mama yangu, wa kule Busia. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Alinizaa mimi peke yangu, kwa hiyo nisipompa mtu jina lake, limekwisha.

Nilipomwambia Zakaria alicheka mpaka akakohoa. "Yunia? Mtoto aanze na ugoro puani? Hilo jina la bibi mwenye fimbo, wewe!"

Nilikasirika, lakini hakusema uongo. Yunia, Dorika, Eseza, hayo yalikuwa majina ya wasichana wabichi siku walipobatizwa. Yamezeeka pamoja nao.

Bahati yangu, jana mama mkwe alifika kutoka Mulanda na kuku, simsim ya kusaga, na desturi yake. Kwao mtoto hapewi jina, anachagua. Akilia kwa njaa, mkubwa anataja marehemu mmoja mmoja, na mama anampa ziwa. Jina atakalonyonyea ndilo lake. Wafu wa upande wa baba hutangulia. Wa upande wa mama hutajwa mwisho, kwa heshima tu. Zakaria hawezi kubishana na jambo hilo mbele ya mama yake.

Nilijua mama mkwe anamtaka Eseza, wifi yake aliyempenda sana.

Basi asubuhi nikakaa mkekani, Zakaria kasimama mlangoni. Mtoto akaanza kulia.

"Ni wewe, Eseza?" mama mkwe akauliza, taratibu, kama anabisha hodi.

Mtoto akafungua kinywa. Nami nikasogeza ziwa pembeni. Kidogo tu.

Akapiga yowe.

"Miriamu?" Nikasogeza tena. Maziwa yananidondoka, mtoto amekuwa mwekundu kwa hasira, na mimi huruma imenikaba nusura niache. Mama gani anamnyima mwanawe hivi? Lakini sikuacha.

"Haya, sasa ya kwenu," mama mkwe akasema. "Yunia?"

Nikampa. Alinyonya kama mtu aliyekuwa anafukuzwa.

Zakaria akakuna kichwa. "Jenifa kwisha," akasema, akaenda kumwandikia mwalimu wa kanisa jina la mama yangu.

Nikadhani nimeponea hapo. Mama mkwe akavuta mkeka, akaketi karibu yangu. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mwanangu, mkono yako iko nzito. Hata kuku naliona."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi nalifanya polepole, hakuna mtu najua. Hii jina Zakaria ni ya nani? Ni ya baba yangu mimi, aliyenizaa." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, mkono kaziba mdomo asisikiwe nje.

"Na Eseza, mama?" nikauliza.

"Eseza nangoja. Wewe si utazaa tena?"

Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Uchovu tu, nadhani.

Jioni hii Zakaria aliinama juu ya mtoto akajaribu kimyakimya, "Jenifa..." Nikasema "Yunia" bila kuinua kichwa kutoka kwenye sufuria. Akasema, "Haya, Yunia." Likatoka vizuri kinywani mwake.

Najua siku moja mwanangu atarudi kutoka shule analia, kwamba wenzake wote ni kina Jenifa na yeye peke yake ana jina la bibi. Nitamwambia nini? Nitamwambia alilichagua mwenyewe, na nitamkazia macho.

Mpaka atakapozaa wa kwake. Hapo nitakaa naye mkekani, nimfundishe mkono mwepesi.