Amri ya Kunyamazisha

Jumatano usiku, Kawangware, 1984

Na eti yeye ndiye mkubwa wa kompyuta! Bwana Musyoka huisifu karatasi ya programu ikitoka bila lalamiko lolote la mashine, kama mama anayesifu sahani iliyorambwa. Chakula kimeingia tumbo la nani, haulizi.

Leo programu ya mishahara ilitoka na onyo: nafasi niliyoitengea ovataimu ni ndogo, kwa hivyo malipo yakiwa makubwa, tarakimu ya mbele itakatwa. Akaja juu.

"Mzee, hii takataka ni ya nini?"

Nikamweleza polepole. Kosa huizuia programu isiendelee. Onyo huiacha ipite, ila linakuambia utajuta.

"Si imepita? Basi! Kuna amri ya kunyamazisha maonyo. Iweke."

"Ndiyo, mkubwa," nikaitikia, kondoo mimi.

Halafu nikamfikiria Mama Nduku, jirani yangu hapa Kongo, pembe yetu ya Kawangware, anayefagia ofisi zetu. Mwezi huu amefagia hadi usiku, na karo ya mwanawe inangoja Ijumaa. Yeye ndiye angekatwa.

Amri sikuiweka. Niliipanua ile nafasi kwa tarakimu moja, onyo likaondoka lenyewe.

Musyoka akaiona karatasi, akanipiga bega. "Unaona? Mashine ikijua mkubwa ni nani, inanyamaza."

Nikacheka naye, mjinga mkubwa kuliko yeye. Angalau Mama Nduku atalipwa yote. Lakini sasa Musyoka anataka kesho niwafundishe vijana wa ofisi hiyo amri yake.

Na hao watamtii kweli.